Mahali Padogo: Maisha na Uhifadhi wa Reptilia na Amfibia wa Porini

Waheshimiwa viongozi, walimu wetu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie maisha ya reptilia (nyoka, mijusi, kobe, kasa na mamba) na amfibia (vyura na jamaa zao) wa porini pamoja na namna ya kuwahifadhi. Nitaanza na hoja yenyewe, ili hata atakayechoka mapema aondoke nayo: kuwahifadhi wanyama hawa ni kuhifadhi mahali padogo. Tembo akikosa malisho upande mmoja huhamia upande mwingine, lakini chura anayeishi ndani ya manyunyu ya poromoko moja la maji, kobe anayejificha katika nyufa za miamba ya kilima kimoja, na mjusi asiyeishi ila kwenye majani ya mti wa aina moja, hawana pa kwenda. Hifadhi kubwa huwafaa, na sisemi zipunguzwe hata kidogo. Ila mipaka yake mingi ilichorwa kwa kuwafikiria wanyama wakubwa wenye manyoya, na mara nyingi mahali pale padogo panapoamua uhai wa chura huwa nje ya mpaka, au huwa ndani yake bila mtu yeyote kujua kwamba papo.

Reptilia wanaojulikana kwa sayansi leo ni zaidi ya spishi 12,000, na amfibia ni zaidi ya spishi 8,000. Kuwazungumzia pamoja ni desturi ya vitabu zaidi kuliko ya maumbile yenyewe. Ukifuata ukoo, mamba ana udugu wa karibu zaidi na ndege kuliko alio nao na mjusi. Reptilia ana ngozi kavu yenye magamba, na mayai yake yana ganda linalozuia maji yasipotee, ndiyo maana anaweza kutaga mbali na mto. Amfibia ana ngozi laini inayopitisha maji na hewa, na yai lake halina ganda, kwa hiyo hata anapoishi nchi kavu hubaki mfungwa wa unyevunyevu. Kinachowaunganisha ni joto: wote wawili hulipata kutoka nje ya mwili, kwenye jua, jiwe, maji na udongo. Humo ndimo mna nguvu yao, na humo ndimo mna udhaifu wao.

Nianze na nguvu, kwa sababu wanyama hawa wamezoea kutajwa kama viumbe duni walioachwa nyuma na wakati. Mnyama anayetengeneza joto lake mwenyewe huteketeza sehemu kubwa ya chakula chake kama kuni, usiku na mchana, hata akiwa amelala. Nyoka na mjusi hawana gharama hiyo. Chatu anaweza kukaa miezi bila kula, na anapolipata windo kubwa mwili wake hujigeuza ili ulimeng'enye: kwa chatu wa Burma imepimwa kwamba misuli ya moyo huongezeka kwa takriban asilimia 40 katika muda wa siku mbili, kisha hupungua tena kazi ikiisha. Huko Amerika Kaskazini yupo chura wa misituni ambaye majira ya baridi huganda kwa barafu, moyo wake ukasimama, huku sukari iliyojaa katika seli zake ikizilinda zisipasuke, na baridi inapopungua huyeyuka na kuruka zake. Nchini Madagaska kuna kinyonga, Furcifer labordi, ambaye sehemu kubwa ya uhai wake wote huipitisha ndani ya yai: miezi minane au tisa ardhini, na baada ya kuanguliwa miezi minne au mitano tu ya kukua, kujamiiana, kutaga na kufa. Mwenye kuuita mwili wa namna hii duni angepaswa kutueleza ni mwili upi mwingine ungeyaweza hayo.

Kuhusu malezi, wengi hudhani kwamba wanyama hawa hutaga na kwenda zao. Wapo wanaofanya hivyo, na kasa ni mmoja wao. Lakini mama mamba husikia sauti za watoto wakiwa bado ndani ya mayai, hufukua kiota, kisha huwabeba mdomoni, katikati ya meno yale yale tunayoyaogopa, hadi majini. Katika milima ya Taita nchini Kenya wapo amfibia wasio na miguu, wanaoishi chini ya udongo na ambao mtu akiwaona kwa haraka huwadhani nyungunyungu. Mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba mama wa spishi hiyo, Boulengerula taitana, hunenepesha tabaka la nje la ngozi yake kwa mafuta na protini, na watoto wake, ambao huzaliwa na meno maalumu kwa kazi hiyo, huibandua na kuila. Ngozi hiyo huota upya, nao hurudi tena mezani. Na huko Australia walikuwepo vyura wa spishi mbili ambao jike aliyameza mayai yake, tumbo likaacha kutoa asidi, watoto wakakua humo ndani, na siku ya kuzaliwa wakatokea mdomoni. Nasema walikuwepo, kwa sababu wote wawili walitoweka katika miaka ya 1980, kabla sayansi haijaelewa vizuri namna tumbo linavyoweza kuamrishwa lisimame kazi. Madaktari wa vidonda vya tumbo wangekuwa na mengi ya kumwuliza chura yule.

Sasa nigeukie udhaifu. Mnyama anayelikopa joto nje hutegemea mahali penye jua na kivuli kwa kipimo chake. Jua likizidi, mjusi huingia mafichoni, na kila saa anayoipoteza kivulini ni saa asiyokula. Joto hilo hilo huingia hata katika jambo ambalo kwetu sisi huamuliwa na kromosomu. Mwaka 1966, akiwa Dakar nchini Senegal, mtafiti Madeleine Charnier alieleza kwamba kwa mjusi aina ya Agama agama jinsia ya mtoto hufuata joto ambalo yai lilikaa nalo. Wakati ule wachache waliitilia maanani habari hiyo, nayo leo ni elimu ya msingi: mamba wote, kasa wote wa baharini na kobe wengi hupata jinsia zao kwa njia hiyo. Kwa kasa, mchanga wenye joto la karibu nyuzi 29 za Selsiasi hutoa mchanganyiko wa madume na majike, chini yake huzidi madume, na juu yake huzidi majike. Mwaka 2018 watafiti waliowapima kasa wanaotoka fukwe za kaskazini mwa Tumbawe Kuu la Australia walikuta kwamba, miongoni mwa wale ambao hawajakomaa, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Kasa huchukua miongo kadhaa kukomaa, kwa hiyo kwa miaka mingi mtu anaweza kusimama ufukweni, akaona majike wengi wakipanda kutaga, akaridhika, ilhali upungufu wa madume tayari umo baharini ukisubiri zamu yake.

Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba kuhesabu wanyama peke yake hakutoshi. Ufukwe unaweza kuwa umelindwa dhidi ya waiba mayai, mbwa na taa za hoteli, na bado ukawa unaangua jinsia moja. Ulinzi wa maana hapo ni wa kivuli: miti ya ufukweni isikatwe, na pale inapokosekana viota viwekewe vichanja au vihamishiwe mahali penye mchanga wa baridi zaidi. Kazi hizo ni ndogo, lakini hazifanywi na asiyepima joto la mchanga.

Ndugu wasikilizaji, kwa amfibia hali ni mbaya zaidi, na takwimu zinasema wazi. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2022 ilizichunguza spishi 10,196 za reptilia na kukuta kwamba takriban asilimia 21 zinakabiliwa na hatari ya kutoweka, huku miongoni mwa kobe, kasa na mamba kiwango hicho kikiwa ni nusu au zaidi. Tathmini ya amfibia iliyofuata mwaka 2023 ilichunguza spishi 8,011 na kukuta karibu asilimia 41 ziko hatarini, kiwango kinachowazidi mamalia na ndege kwa mbali. Sababu za kawaida tunazijua: kufyekwa kwa misitu, kukaushwa kwa maeneo oevu, sumu za mashambani, na sasa ukame na joto. Sababu isiyo ya kawaida ni ugonjwa, na ningependa tuutazame kwa karibu.

Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Huyafyonza kwa ngozi, hasa ile ya tumbo na mapaja, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya hewa yake na kusawazisha chumvi za mwili. Kuvu mmoja wa majini, Batrachochytrium dendrobatidis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1999, huishi katika ngozi hiyo. Mbegu zake zina mkia na huogelea. Zikimfikia chura hujipenyeza katika tabaka lenye keratini, yaani protini ngumu ya ngozi, na ngozi huanza kuwa nene na kushindwa kazi yake. Sodiamu na potasiamu hushuka katika damu, na hatimaye moyo husimama. Chura hufa akiwa mzima kwa kumtazama, hana jeraha, hana damu, pengine ngozi tu imebabuka kidogo. Ndiyo sababu vifo vya miaka ya 1970 na 1980 viliwatatiza wataalamu: misitu ilikuwa imesimama, maji yalikuwa safi, na vyura hawakuwepo. Chura wa dhahabu wa Monteverde nchini Costa Rica, aliyeonekana kwa mamia mwaka 1987, alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1989.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ugonjwa huu umechangia kupungua kwa spishi zisizopungua 501 za amfibia, na kwamba 90 kati ya hizo yumkini zimekwishatoweka. Hakuna ugonjwa mwingine unaojulikana ambao umeharibu uhai wa wanyama wenye uti wa mgongo wa spishi nyingi kiasi hicho. Utafiti wa vinasaba unaelekeza asili yake Asia ya Mashariki, na kilichoutawanya ni sisi, kwa biashara ya vyura walio hai waliosafirishwa kwa ajili ya maabara, chakula na mapambo ya nyumbani. Ndugu wa karibu wa kuvu huyo, anayewaua salamanda (amfibia wenye mkia), aligunduliwa mwaka 2013 baada ya salamanda wa Uholanzi kukaribia kwisha. Sheria zinazokagua magonjwa ya ng'ombe na kuku mipakani ni nyingi na kali. Chura hupita.

Je, wakiisha tunapoteza nini? Swali hili huulizwa kila mara, wakati mwingine kwa kebehi, na naona linastahili jibu la vipimo. Kule El Copé nchini Panama, ambako kuvu alifika mwaka 2004, watafiti walikuwa wamewahesabu nyoka kwa miaka kabla ya hapo na wakaendelea baadaye. Walikuta kwamba vyura walipokufa, nyoka nao walipungua aina na idadi, na waliobaki wengi wao walikuwa wamekonda. Wachumi na wanabiolojia waliolinganisha kumbukumbu za afya za Costa Rica na Panama walieleza mwaka 2022 kwamba kupita kwa ugonjwa wa vyura kulifuatiwa na ongezeko la malaria, ambalo katika kilele chake lilikaribia mgonjwa mmoja zaidi kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Maelezo yanayokubalika ni mepesi: viluwiluwi na vyura hula mabuu ya mbu au hushindana nayo kwa chakula. Nchi ya India iliwahi kusafirisha mapaja ya vyura kwa wingi, na mwaka 1987 ikapiga marufuku biashara hiyo, moja ya hoja ikiwa ni wadudu waharibifu waliokuwa wakiongezeka mashambani.

Sasa niwaombe tukae kidogo mahali pamoja, korongo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Mto Kihansi ulikuwa ukiporomoka humo kwa kishindo, na manyunyu yake yakailowesha mchana na usiku ardhi yenye kuvumwani na majani mafupi, isiyofika hata ukubwa wa viwanja vichache vya mpira. Humo, na si kwingine duniani, aliishi chura wa rangi ya manjano ya dhahabu asiyezidi sentimeta tatu, Nectophrynoides asperginis. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Jike hubeba watoto tumboni, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba wakikua huonekana kwa nje, kisha huwazaa wakiwa vyura kamili, wadogo kuliko punje ya mchele. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa bwawa la umeme la megawati 180 juu ya korongo ulikuwa tayari umeidhinishwa na unaendelea.

Kati ya mwaka 1999 na 2000 maji yalielekezwa mitamboni, na karibu asilimia 90 ya mtiririko ule ukaondoka korongoni. Manyunyu yakakatika na uoto ukaanza kukauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx na baadaye nyingine, hasa ile ya Toledo. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, yanayoendeshwa kwa mteremko, ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Na kwa muda yalifanya kazi: vyura waliongezeka, na mapema mwaka 2003 walikuwa maelfu. Mwaka huo huo wakaanguka ghafla. Kuvu yule niliyemtaja alikutwa katika mizoga, ingawa wapo pia walioshuku sumu ya mashambani iliyoletwa na maji. Kufikia katikati ya muongo ule hakuna aliyemwona tena, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Kule vizimbani mambo hayakuwa rahisi pia. Wengi walikufa katika miaka ya mwanzo, kwa sababu hakuna aliyejua mahitaji yao. Ilibidi walezi wajifunze kipimo cha miali ya urujuanimno inayomwezesha chura huyu kujenga mifupa, wadudu wa ukubwa gani anaweza kuwameza, na maji yasafishwe namna gani. Walipofaulu, maelfu walizaliwa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kundi la kwanza likaachiliwa korongoni, hatua iliyokuwa haijawahi kufanywa kwa amfibia aliyekwishatangazwa kutoweka porini. Wataalamu wa mataifa mawili wanastahili heshima kubwa kwa kazi hiyo, na ninaisema heshima hiyo bila kusita.

Hata hivyo hukumu yangu juu ya kisa hiki si ya kushangilia. Kumzalisha mnyama kizimbani ni kununua muda, na muda huo una thamani pale tu ambapo mahali alipotoka panatengenezwa. Chura wa Kihansi leo anarudi katika korongo linaloloweshwa kwa mabomba, lenye kuvu ambaye hakuna ajuaye namna ya kumwondoa, na mtu akiacha kuyakarabati mabomba hayo majani yatakauka tena. Umeme wa Kihansi unahitajika, na sitaki kuwa miongoni mwa wanaozungumza kana kwamba taa za hospitali hazina umuhimu. Ninachodai ni kwamba gharama ya kumwokoa chura huyu ingekuwa ndogo mno iwapo angejulikana kabla ya michoro ya bwawa kukamilika.

Kuhusu biashara ya wanyama wa kufugwa nyumbani nitasema kwa ufupi, ingawa ni jambo kubwa. Katika msitu wa Kimboza nchini Tanzania na vipande vichache vya jirani anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa, Lygodactylus williamsi, na maisha yake yote hufungamana na miti aina ya mkadi wa msituni. Wafugaji wa ng'ambo walimpenda, na wakusanyaji wakawa wanaikata miti yenyewe ili kuwafikia wachache walioko juu, hata mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana kumzuia asiuzwe kibiashara. Kobe bapa wa miamba ya Afrika Mashariki, ambaye hutaga yai moja kwa wakati mmoja na kwa hiyo hafidii haraka walioibwa, alipewa ulinzi wa namna hiyo mwaka 2019. Nchini Madagaska, kobe aina ya angonoka amewindwa na walanguzi kiasi kwamba wahifadhi wameamua kuyachora magamba ya kobe walio hai kwa namba za kudumu ili wasipendeze sokoni. Na wanasayansi wenyewe wamejikuta wakifanywa vipofu waongozao wezi: baadhi ya spishi zimevamiwa mara tu baada ya kuchapishwa, kwa sababu makala ilitaja pango au kilima walipopatikana. Siku hizi wengi wetu huficha mahali hapo, na naona ni sawa, ijapokuwa tumefundishwa kwamba elimu ifichwayo si elimu.

Siwezi kushuka jukwaani bila kumtaja nyoka, kwani mhifadhi anayemtetea nyoka mbele ya watu waliofiwa bila kuutaja msiba wao hastahili kusikilizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa, wengi wao wakiwa wakulima, wafugaji na watoto walio mbali na hospitali. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Kwangu mimi dawa ya kuzuia sumu iliyo safi, inayolingana na nyoka wa eneo husika na iliyomo katika zahanati ya karibu, ni kifaa cha uhifadhi sawa na uzio wa hifadhi. Pasipo dawa, kila nyoka atauawa, kifutu mwenye sumu kali na yule asiye na madhara anayekula panya ghalani, na sina ujasiri wa kumlaumu anayeua.

Aliyeumwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, na apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe, asinyonywe, wala asifungwe kamba ya kukaza. Na asiwepo wa kumfukuza nyoka kichakani ili amlete kama ushahidi, kwa maana hivyo ndivyo majeruhi wa pili wanavyopatikana. Baada ya kuyasema hayo ninaweza kuongeza, kwa amani, kwamba dawa ya shinikizo la damu iitwayo kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, na imeokoa watu wengi ambao hawatamshukuru kamwe.

Mabibi na mabwana, yapo yaliyofaulu, na yanafanana kwa jambo moja: yalianza na kujua kwa undani mahali padogo panahitaji nini. Katika kisiwa cha Española, kimojawapo cha visiwa vya Galápagos vya nchi ya Ecuador, kobe wakubwa walikuwa wamebaki 14, majike 12 na madume mawili, waliotawanyika kiasi cha kutokutana. Walikusanywa, wakaongezewa dume mmoja aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya San Diego, na mbuzi waliokula kila jani wakaondolewa kisiwani. Karibu kobe 2,000 walirudishwa humo kwa miongo iliyofuata, na mwaka 2020 mradi ulifungwa na wazee wale kurejeshwa kwao. Katika kisiwa kingine cha Galápagos, Pinta, hatua zilichelewa, na kobe wa mwisho, aliyejulikana duniani kwa jina la Lonesome George, alikufa mwaka 2012 bila mrithi.

Katika jimbo la Aargau nchini Uswisi, mashamba na barabara vilikuwa vimewabana vyura kwa muda mrefu. Badala ya kusubiri barabara ziondoke, mamlaka na wananchi walichimba madimbwi mapya, 422 kwa jumla, katika kipindi cha miaka 20 hivi, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya makundi ya amfibia yaliyofuatiliwa yaliongezeka, ingawa magari na sumu vilikuwa pale pale. Nchini Australia, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2024 walichukua matofali yenye matundu, wakayapaka rangi nyeusi, wakayapanga ndani ya vibanda vidogo vya kukusanya jua. Vyura wagonjwa walijipenyeza kwenye matundu hayo, miili yao ikapata joto la karibu nyuzi 30 ambalo kuvu halipendi, wakapona, na waliopona walikuwa wagumu zaidi kuambukizwa tena. Sidai kwamba matofali yatamaliza ugonjwa wa dunia nzima. Lakini hapa ni chura mwenyewe aliyeachiwa achague joto lake, kama alivyoumbwa, na binadamu akaishia kumtengenezea mahali pa kuchagulia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahandisi, wapangaji wa miradi na wanaotia saini vibali vya mabwawa, migodi na barabara ni la kiufundi. Uchunguzi wa amfibia na reptilia ufanywe kabla ya michoro kukamilika, na si baada ya mkandarasi kuingia. Ufanywe usiku na ufanywe msimu wa mvua, kwa kuwa mtaalamu anayelikagua korongo saa nne asubuhi wakati wa kiangazi ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna chura. Afanye kazi hiyo mtu anayezitambua sauti zao, na asafishe na kukausha viatu na nyavu zake anapotoka bonde moja kwenda jingine, asije akawa yeye ndiye anayembeba kuvu. Taarifa yake ieleze kiasi cha maji, kivuli na joto ambacho mahali pale hapawezi kukikosa, kwa vipimo ambavyo mhandisi anaweza kuvitumia, na imfikie mezani wakati ambapo kuhamisha bomba bado ni suala la kufuta mstari kwa penseli.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nitapokea maswali, na ningefurahi zaidi yakitoka kwa wanafunzi.